Mama ameanguka mara mbili: namna ya kuupima mwendo wake kabla ya mara ya tatu

"Mama yetu ana miaka 74, mimi ni binti yake wa mwisho na ndiye ninayeishi naye hapa Tanga. Ana kisukari kwa miaka 11, na presha. Ndani ya miezi mitano ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa usiku akienda chooni. Mara ya pili alfajiri akitawadha, alipoinua mguu kuuosha kwenye koki. Siku hiyo alivimba kiganja, tukampeleka hospitali, wakampiga picha, mfupa haukuvunjika. Presha wakampima akiwa amekaa kwenye benchi, wakasema ni nzuri, tukarudi nyumbani. Anasema nyayo zake ni kama amevaa soksi wakati wote, na ndani anatembea akigusagusa ukuta. Anatumia metformin na glibenclamide za sukari, kidonge cha presha kile cha kukojoza, na amitriptyline usiku kwa ajili ya moto wa nyayo. Majirani wanasema ni uzee. Kaka yangu anasema asitoke tena nje, na tumnunulie fremu ya kutembelea. Je, kuna kipimo cha kujua kama ataanguka tena? Na kama kipo, mbona hospitali hawakumpima?"

Pole kwa kuuguza, dada, na mfikishie mama shikamoo yangu.

Vipimo vipo, na vingi havitaki mashine. Vinataka kiti, futi kamba ya fundi cherehani, simu yenye kuhesabu sekunde, na mtu anayejua atazame nini. Kwa nini hakupimwa? Kwa sababu alipelekwa na mkono uliovimba, na mkono ndio uliotibiwa. Swali la nini kilimwangusha halikuulizwa. Hutokea sana penye foleni ndefu, na ndiyo sababu nakujibu kwa kirefu, ili utakaporudi uende na namba mkononi.

Swali lako la kama ataanguka tena halihitaji kipimo. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 kuhusu kuanguka kwa wazee unamweka kwenye hatari kubwa mzee yeyote aliyeanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka, au aliyeanguka akaumia, au aliyepoteza fahamu, au aliyeshindwa kuinuka mwenyewe sakafuni. Mama ana mawili kati ya hayo. Kuanguka kwa jana ndiko kunakotabiri kuanguka kwa kesho kuliko saa yoyote utakayomshikia. Kwa hiyo tunampima kwa sababu nyingine: kujua kinachomwangusha ni kipi, na kipi kati ya hivyo kinaweza kuondolewa.

Ndiyo maana neno "uzee" silipendi katika habari hii. Ni kweli umri hupunguza nguvu za misuli na wepesi wa kujibu, lakini mtu haangushwi na idadi ya miaka. Huangushwa na ganzi, na mapaja yaliyolegea, na presha inayoporomoka anaposimama, na mtoto wa jicho, na kidonge cha usiku, na sakafu iliyolowa. Mara nyingi ni vitatu vinne vilivyokutana saa moja. Ukisema uzee, umefunga faili. Ukiyataja haya kwa majina, kila moja lina la kufanyiwa.

Sasa tuangalie jinsi mama anavyosimama. Mwili wa binadamu hausimami tuli kama nguzo, muda wote unayumba kidogo mbele na nyuma. Ubongo huurudisha kwa kusikiliza mashahidi watatu: nyayo na viungo vya miguu, vinavyosema uzito umehamia vidoleni au kisiginoni, macho, yanayopima kama ukuta unasogea, na sikio la ndani, linalojua kichwa kimeinama kiasi gani. Mtu mwenye afya, akiwa kwenye sakafu ngumu na penye mwanga, hutegemea nyayo zaidi. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, ile inayofika vidole vya miguu. Ile soksi anayoisema mama ndiyo hiyo: shahidi wa kwanza amenyamaza, naye bila kujua amehamia kwenye macho.

Mtazame basi alfajiri ile. Anajimwagia maji usoni, macho yamefumba, kichwa kimeinama. Shahidi wa pili ameondoka kwa muda. Kisha anainua mguu mmoja juu ya koki, uzito wote unabaki kwenye wayo mmoja usiohisi, juu ya marumaru yenye maji. Aliyeanguka pale hakuteleza kwa bahati mbaya. Na ile safari ya chooni usiku ni hesabu ileile: giza limeondoa macho, amitriptyline imemtia uzito kichwani, kidonge cha kukojoza kimemwamsha, na huenda presha yake ilishuka alipoacha kitanda.

Kuhusu kugusa ukuta, msimkataze. Wengi hudhani ni woga. Kidole kikigusa kitu kisichosogea, hata kwa mguso mwepesi usiobeba uzito wowote, ubongo hupata habari ya mwili unavyoyumba, na kuyumba hupungua. Mama amejitafutia shahidi wa nne. Hilo litatusaidia tutakapofika kwenye bakora.

Tuanze kupima. Chagueni saa ambayo amekula, hana kizunguzungu, na avae viatu anavyovaa siku zote. Mfungeni kanga iliyokunjwa kiunoni juu ya nguo, fundo imara, na mmoja wenu asimame kando yake nyuma kidogo, mkono ukiwa tayari kuishika kanga hiyo. Asishikwe mkono wala kwapa, maana ukimvuta mkono unamharibia mizani na bega pia. Kama mguu unamuuma upya, ana maumivu ya kifua, au siku hiyo hajiskii vizuri, acheni.

La kwanza ni presha, na hili ndilo lililokosekana hospitali. Presha ya mtu aliyekaa haikwambii kitu kuhusu presha ya mtu anayeinuka kitandani. Alale chali dakika tano kamili, mpime. Asimame, mkono wenye kitambaa uwe usawa wa moyo, mpime baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, hiyo ndiyo presha ya kushuka kwa kusimama, hata kama hakuona kizunguzungu. Wagonjwa wa kisukari huipata hata bila dawa, kwa sababu mishipa inayokaza mirija ya damu mtu anaposimama nayo huathirika. Kama hamna mashine nyumbani, zahanati au duka la dawa lenye mashine wanaweza, mradi wakubali alale kwanza. Asubuhi kabla ya chai ndiyo saa inayoonyesha zaidi, kwa hiyo kipimo hiki peke yake si lazima awe amekula.

La pili ni kipimo ambacho kwenye faili huandikwa TUG, kifupi cha Timed Up and Go, yaani kuinuka na kwenda kwa kuhesabiwa sekunde. Kiti cha kukalia kiwe na urefu wa sentimita 45 hivi na sehemu za kuwekea mikono. Kiti cha plastiki kinafaa, ila kiegemee ukuta, maana hurudi nyuma mtu anapoinuka. Pimeni mita 3 kutoka miguu ya mbele ya kiti, chora mstari wa chaki. Kama futi hakuna, kanga mbili zikilazwa kwa urefu hufika karibu hapo, lakini ziondoeni sakafuni kabla hajaanza. Mwambie: "Nikisema nenda, inuka, tembea mwendo wako wa kawaida hadi kwenye mstari, geuka, rudi, kaa." Ajaribu mara moja bila kuhesabiwa. Mara ya pili anza saa unaposema nenda, simamisha anapokuwa amekaa mgongo ukigusa kiti. Sekunde 12 au zaidi ni alama ya hatari.

Sekunde ni nusu tu ya kipimo. Nusu ya pili ni macho yako, na ningependa umrekodi video kwa simu, ukisimama ubavuni mara moja na mbele yake mara moja. Tazama anainukaje: kwa jaribio moja, au anajirusha mara mbili tatu huku akisukuma kwa mikono? Huyo mapaja yake yamechoka. Anapoanza, hatua ya kwanza inatoka mara moja, au miguu inanata sakafuni kwanza? Visigino vinatua kabla ya vidole, au wayo wote unabamiza chini kwa kelele? Kubamiza ni mguu unaotafuta sakafu usiyoihisi. Miguu imeachana sana? Mikono inapunga yote miwili? Mkono mmoja usiopunga, hatua fupi za kuburuta na mwili unaogeuka mzima kama mlango ni dalili za maradhi ya Parkinson, na hayo ni ya daktari wa mishipa ya fahamu. Tazama sana pale kwenye mstari wa chaki. Kugeuka kunataka mguu mmoja ubebe mwili huku kichwa, kiwiliwili na nyonga vikizunguka kwa nyakati tofauti, na wengi wanaotembea vizuri kwenye mstari mnyoofu hufichuka hapo: hatua zinakuwa nyingi na fupi, mguu unakwaa mwenzake, mkono unaruka kutafuta ukuta. Mwisho, anakaa taratibu au anajitupa kwenye kiti?

Rudieni kipimo hichohicho huku akitaja majina ya wajukuu au akihesabu kurudi nyuma kutoka 50. Akisimama ili ajibu, au mwendo ukipungua sana, maana yake kutembea kwake si kwa mazoea tena. Kunakula mawazo yake yote, na siku mtu akimwita kutoka jikoni wakati anavuka kizingiti, mawazo yatahama na miguu itabaki peke yake.

La tatu ni kuinuka na kukaa. Kiti kilekile, mikono imekunjwa kifuani. Hesabu anainuka wima kabisa mara ngapi ndani ya sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 70 hadi 74, chini ya 10 ni pungufu. Akilazimika kutumia mikono, hesabu ni sifuri. Andika hata hiyo sifuri, ndiyo namba itakayokufurahisha baada ya miezi mitatu.

La nne asimame karibu na meza nzito, ajishike, kisha aachie. Kwanza miguu pamoja. Halafu mguu mmoja mbele nusu, kidole gumba cha nyuma kikigusa ubavu wa wa mbele. Halafu kisigino cha mbele kikigusa vidole vya nyuma, kama anayetembea juu ya kamba. Mwisho mguu mmoja. Kila mkao sekunde 10, na akishindwa mmoja msiendelee na unaofuata. Mzee asiyeweza kukaa sekunde 10 katika mkao wa tatu yuko kwenye hatari zaidi. Haya yote macho yakiwa wazi. Kumfumbisha macho acheni kwa mtaalamu. Kwa mtu mwenye ganzi ni jambo la sekunde mbili kwenda chini.

Nikwambie ukweli kuhusu namba hizi. Akipata sekunde 11 kwenye TUG usiseme amepona. Kipimo kile hakina giza, hakina maji sakafuni, na hakina dawa ya usiku, na ndimo mama alimoangukia. Namba mbaya inakuonya, namba nzuri haikuhakikishii.

Tuje kwenye dawa, kwani hapa naona mengi ya kubadilishwa. Msiache hata moja kwa uamuzi wenu, lakini mwendeeni daktari na orodha hii. Amitriptyline ni miongoni mwa dawa ambazo miongozo ya wazee hushauri ziepukwe: huleta usingizi, hushusha presha ya kusimama na huweza kuchanganya kichwa. Zipo mbadala za moto wa nyayo, ingawa baadhi nazo huleta usingizi, kwa hiyo daktari apime kipi ni kizito zaidi kwa mama. Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kushusha sukari alfajiri kabla hajala. Mpimeni sukari alfajiri kwa siku kadhaa. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpeni kitu cha sukari papo hapo kisha mrudisheni kliniki upesi, na kama anafunga Ramadhani hili lizungumzwe kabla ya mwezi kuandama. Kidonge cha kukojoza ulizeni kama kinaweza kunywewa asubuhi, ili safari za usiku zipungue. Metformin ya miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi na kupoteza hisia ya mguu uko wapi. Tofauti ni kwamba huo unatibika, kwa hiyo ombeni kipimo chake. Na kama kuna dawa ya mafua yenye usingizi au ya kulalia inayonunuliwa dukani, itajeni pia. Hizo hazimo kwenye kadi, lakini zimo kwenye damu.

Sasa kaka yako. Namwelewa, anaogopa nyonga isivunjike. Lakini kumfungia mama ndani ndiyo njia ya uhakika ya kumfanya aanguke. Misuli ya mzee isiyotumika hupungua ndani ya siku, si miezi. Mapaja yakilegea, kuinuka chooni kunakuwa kazi. Naye ataendelea kwenda chooni, na kule ndiko alikoangukia. Woga nao una mwendo wake: mtu anayeogopa hukakamaa, hufupisha hatua, hutazama vidole vyake badala ya kule aendako.

Fremu ni kitu kizuri kwa aliyepimwa akaonekana anaihitaji. Kwa asiyeihitaji ni chuma cha kujikwaa: haipiti mlango wa choo, hukwama kwenye vizingiti, na huishikilia mikono yote miwili kiasi kwamba hawezi kujishika akiyumba. Kwa maelezo uliyonipa ningeanza na bakora, hasa kwa sababu ya kile kidole cha ukutani. Bakora inapeleka ukuta kila aendako. Lakini iwe ya kipimo chake. Asimame wima na viatu vyake, mikono imening'inia: mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akishika, kiwiko kipinde kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Ikiwa ndefu bega linapanda na bakora haibebi kitu. Ikiwa fupi anainama mbele na kuharibu kile tulichotaka kukitengeneza. Mpira wa chini uwe mzima wenye mistari. Ukilainika ubadilishwe, unauzwa peke yake kwa bei ndogo. Kama mguu mmoja ni dhaifu, bakora inashikwa mkono wa upande wa pili, na inakwenda mbele pamoja na mguu ule dhaifu. Wengi huishika upande wa mguu mbovu, na hapo inamwongezea kuyumba.

Nyumbani msibadilishe vyote siku moja. Anzeni na njia ile ya kitanda hadi choo, kwani huko ndiko usiku ulipompata. Laleni mtazame anavyoamka. Chandarua kikichomekwa chini ya godoro, mzee anapotoka huburuta upindo wake kwa mguu wa kwanza, gizani, akiwa na usingizi. Kikunjwe upande wa kutokea kabla hajashuka. Taa ndogo ya kuchaji iwe mahali mkono unapofika akiwa bado amelala, kwa kuwa umeme hukatika. Dera lipunguzwe upindo ufike juu ya kifundo cha mguu: dera linaloburuta hukanyagwa mtu anapopanda kizingiti au anapoinuka kutoka chini. Kandambili ziondoke. Mguu wenye ganzi hauzishiki, vidole vinajikunja kuzing'ang'ania, na akizipoteza hajui. Avae kiatu chepesi chenye mkanda nyuma ya kisigino na soli nyembamba ngumu. Peku asitembee, kwa sababu ya vidonda vya kisukari. Chooni fungeni bomba la chuma ukutani kwa skrubu ndefu, usawa wa nyonga yake, pale anapoinukia. Kitu cha kutundikia taulo hakibebi mtu.

Kutawadha atawadhe amekaa. Kigoda kifupi hakimfai, kitamtaka nguvu nyingi kuinuka. Awekewe kiti cha plastiki chenye mikono, birika na beseni, miguu aioshe bila kuuinua mmoja juu. Kama kusujudu na kuinuka kunamyumbisha, na kuswali amekaa kitini kuna ruhusa kwa mwenye udhuru. Maimamu wanalijua hilo na kwa kawaida mzee hulipokea vyema likitoka kwao kuliko likitoka kwa binti.

Kuinuka kitandani kuwe na hatua. Akae ukingoni dakika moja au mbili, apige visigino na vidole sakafuni kwa zamu mara 20 ili damu ipande, ndipo asimame, ahesabu hadi kumi akiwa ameshika kitu, ndipo atembee.

Lakini kati ya yote, kitu kinachopunguza kuanguka kwa ushahidi mzito kuliko kingine ni mazoezi. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, uliokusanya majaribio mengi ya wazee wanaoishi majumbani, ulikuta mazoezi yanapunguza idadi ya kuanguka kwa karibu robo, asilimia 23. Sharti ni kwamba yawe ya mizani ya mwili na ya nguvu za miguu. Kutembea tu barabarani hakutoshi, na kwa mtu anayeyumba kumtembeza haraka haraka kunaweza kumwangusha. Mwanzo wake ni huu: ashike nondo za dirisha au meza nzito, ainuke juu ya vidole mara 10, ashushe taratibu. Ainuke na kukaa kitini mara 5, akianza kwa mikono na kuipunguza. Atembee kwa ubavu kando ya meza, kwenda na kurudi. Asimame mkao ule wa kisigino kwa vidole, mikono miwili, kisha mmoja, kisha kidole kimoja. Anayumba kidogo? Vizuri, ndipo mwili unapojifunza. Zoezi lisilomyumbisha hata kidogo halimfundishi. Mara tatu kwa wiki ndiyo chini kabisa, lengo likiwa jumla ya saa tatu kwa wiki, zikigawanywa dakika chache chache. Kila mara akimaliza, kagueni nyayo zake kama kuna wekundu au mchubuko. Tofauti huonekana baada ya wiki 8 hadi 12, na akiacha inapotea.

Kuhusu maziwa na vidonge vya vitamini D mtakavyoshauriwa: mifupa inahitaji lishe, lakini vidonge hivyo havimzuii kuanguka mtu asiye na upungufu, na dozi kubwa za mara moja zimeonekana kuleta madhara.

Mkirudi hospitali, muulize daktari awape rufaa ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), na semeni kwa maneno haya: "Ameanguka mara mbili kwa miezi mitano, tunaomba apimwe mwendo na mizani ya mwili, presha ya kulala na kusimama, na hisia za miguu." Mkiwa kwenye hospitali ya umma, ulizeni dirisha la wazee, msipange foleni ya jumla. Mtaalamu atamgusa nyayo kwa uzi wa plastiki unaopinda ukifikia uzito wa gramu 10, na kumwekea chuma kinachotetema kwenye kidole gumba cha mguu. Anaweza kutumia kipimo cha Berg, chenye vitendo 14 na alama 56, au cha Tinetti chenye alama 28, kinachopima kusimama na kutembea kila kimoja peke yake. Ombeni namba ziandikwe kwenye kadi. Macho nayo yapimwe. Mtoto wa jicho akitolewa wazee huanguka mara chache zaidi, na miwani yenye sehemu mbili haifai kuvaliwa nje wala kwenye ngazi, maana ile sehemu ya chini hufanya ukingo wa hatua uonekane kama ukungu. Na kile kiganja: kama bado kinauma chini ya kidole gumba, irudiwe picha. Kuna mfupa mdogo pale ambao ufa wake huweza usionekane siku ya kwanza na kuonekana baada ya siku 10 hadi 14.

Yapo mambo ya kutosubiri rufaa. Akianguka akagonga kichwa, kisha kikaanza kumuuma zaidi, au akawa na usingizi usio wa kawaida, kutapika au kuchanganyikiwa, hata kama ni wiki tatu baadaye, aende siku hiyohiyo: damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu. Asiyeweza kukanyaga, mguu ukaonekana mfupi na wayo umelalia nje, amevunjika nyonga, asisimamishwe. Aliyezimia bila dalili, au moyo ulidunda ovyo kabla ya kuanguka, anahitaji kipimo cha moyo. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kuvurugika, ni kiharusi. Miguu yote miwili kulegea ghafla pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au choo ni uti wa mgongo. Hayo yote ni dharura.

Na kama ataanguka tena mkiwa bado kwenye maandalizi haya, msimnyanyue kwa mikono. Mwacheni dakika moja, mulizeni panapouma, tazameni miguu. Akiwa salama, ajigeuze ubavu, apige magoti na mikono chini, msogezeeni kiti mbele yake, aweke mikono kwenye kiti, kisha mguu wenye nguvu mbele, ajiinue huku mkimweka kiti cha pili nyuma akalie. Mfundisheni mapema, akiwa mzima, juu ya godoro. Mzee anayejua kuinuka hulala sakafuni dakika mbili. Asiyejua anaweza kulala hadi mtu arudi kutoka sokoni.

Chukua daftari, andika tarehe ya leo, presha tatu, sekunde za TUG, hesabu ya kuinuka kitini, na mkao wa mwisho alioweza. Pima tena baada ya wiki 12, kwa kiti kilekile na viatu vilevile.